Maana ya 1×2: Namna ya Kumeza Doksisaiklini kwa Usalama

Mgonjwa anayetoka zahanati au duka la dawa katika miji na vijiji vya Afrika Mashariki aghalabu hukabidhiwa vidonge ndani ya bahasha ndogo iliyoandikwa jina la dawa na tarakimu chache, kwa mfano 1×2 na 7/7, kisha akahimizwa kwa mdomo, tena kwa haraka, kwamba ahakikishe anamaliza dozi. Tarakimu hizo husomeka kwa urahisi pindi mtu anapofafanuliwa: katika 1×2 ile ya kwanza ni idadi ya vidonge vinavyomezwa kwa mara moja na ya pili ni idadi ya mara kwa siku, ilhali katika 7/7 ile ya juu ni idadi ya siku za kutumia dawa na ile ya chini ni siku za wiki, hivyo 5/7 ni siku tano, 2/52 ni wiki mbili kwa kuwa mwaka una wiki 52, na 1/12 ni mwezi mmoja. Kwa baadhi ya dawa maelezo hayo yanakaribia kutosha. Kwa doksisaiklini, antibiotiki ambayo wengi huifahamu kwa jina la mkato la doksi, hayatoshi, kwa sababu sehemu kubwa ya madhara yake hutokana na namna ilivyomezwa, vitu ilivyokutana navyo tumboni, na pale mgonjwa alipokuwa saa chache baada ya kuimeza.

Antibiotiki ni dawa zinazoua bakteria au kuzuia kuzaliana kwao, nazo hazina uwezo wowote juu ya virusi, ndiyo maana mafua hayatibiwi kwazo hata kama mgonjwa anaumwa kweli kweli. Doksisaiklini ni ya ukoo wa tetrasaiklini, na ukoo huo ulitoka udongoni. Katika miaka ya 1940 sampuli ya udongo wa shamba la majaribio la Sanborn, katika Chuo Kikuu cha Missouri nchini Marekani, ilimfikia Benjamin Duggar, mtaalamu wa mimea ambaye baada ya kustaafu kufundisha vyuoni alikuwa ameajiriwa na maabara za Lederle, naye akakuta humo bakteria wa rangi ya dhahabu wanaotoa kemikali inayowazuia bakteria wa aina nyingine nyingi. Dawa iliyotokana na kemikali hiyo ilitangazwa mwaka 1948, Duggar akiwa amekwisha kupita umri wa miaka 70. Doksisaiklini yenyewe ilitengenezwa baadaye na kampuni ya Pfizer kwa kurekebisha molekuli za ukoo huo, ikaidhinishwa nchini Marekani mwaka 1967, na marekebisho hayo yakaipa sifa mbili ambazo tetrasaiklini ya awali haikuwa nazo: hufyonzwa na utumbo karibu yote, na hudumu mwilini kwa muda mrefu zaidi.

Dawa hii haiwaui bakteria wengi papo hapo. Hupenya ndani ya bakteria na kujishikiza kwenye ribosomu, yaani sehemu ndogo sana za seli ambamo protini hutengenezwa, na bakteria asiyeweza kutengeneza protini hawezi kukua wala kujigawa, hivyo hubaki amedumaa hadi kinga ya mwili imwondoe. Kazi ya namna hiyo hutegemea kuwapo kwa kiasi cha kutosha cha dawa katika damu muda wote, kwa maana bakteria aliyeachiwa huru na dawa iliyopungua huweza kuanza tena kutengeneza protini zake. Huchukua takriban saa 18 hadi 22 kwa kiasi cha doksisaiklini kilichomo katika damu kupungua hadi nusu, na ndiyo sababu hutolewa mara mbili kwa siku, au hata mara moja, wakati tetrasaiklini ya kale ilimezwa mara nne.

Kwa hiyo 1×2 humaanisha kila baada ya saa 12, na kwa wenye kuhesabu saa kwa Kiswahili hesabu hiyo ni nyepesi, kwani anayemeza saa moja asubuhi atameza tena saa moja jioni. Mgonjwa anayemeza kidonge cha kwanza baada ya kifungua kinywa na cha pili saa saba mchana, kwa kuwa ndipo alipokula, atakuwa ametimiza mara mbili bila ya kutimiza maana yake. Aliyesahau dozi aimeze anapokumbuka, isipokuwa kama wakati wa dozi inayofuata umekaribia, na hapo ataendelea na ratiba yake kama kawaida. Kumeza viwili kwa pamoja ili kufidia huongeza kichefuchefu na hakurudishi saa zilizopita. Katika mwezi wa Ramadhani, mgonjwa ambaye daktari ameona kuwa ugonjwa wake haumzuii kufunga huweza kumeza dawa hii baada ya futari na wakati wa daku, kwa sababu mwambao wa Afrika Mashariki uko karibu na ikweta na nyakati hizo mbili hutengana kwa takriban saa 10 upande mmoja na 14 upande mwingine, tofauti ambayo dawa inayodumu mwilini kiasi hicho huistahimili. Antibiotiki ya kumezwa mara tatu kwa siku, kama vile amoksilini, haiingii katika ratiba hiyo, na mgonjwa hana budi kulizungumza jambo hilo na mtabibu kabla ya kuondoka na bahasha yake.

Daku, hata hivyo, huleta hatari nyingine, ambayo ndiyo inayostahili kuelezwa kwa kirefu kuliko zote, kwa kuwa huwapata watu wazima wenye afya nzuri na huzuilika kwa maji tu. Umio, yaani mrija unaopitisha chakula kutoka kooni hadi tumboni, una utando laini ambao haukuumbwa kustahimili asidi, na doksisaiklini inapoyeyuka hutoa mmumunyo wenye asidi kali. Kidonge, na hasa kapsuli ambayo ganda lake hunata likilowa kidogo, kinaweza kukwama katikati ya umio bila mtu kuhisi lolote, kikayeyukia hapo na kuunguza utando, na saa chache baadaye au siku ya pili mgonjwa akaanza kusikia maumivu makali nyuma ya mfupa wa kifua, akashindwa kumeza hata mate bila kuugulia, na wengine wakadhani kwamba wameshikwa na ugonjwa wa moyo. Kinachotokea mara nyingi ni kidonda cha umio. Watu wanaopatwa nacho karibu wote husimulia jambo lile lile: walimeza kidonge kwa funda moja la maji, au kwa mate, kisha wakalala.

Kinga yake ni bilauri nzima ya maji, kiasi cha robo lita, inayonywewa mtu akiwa amekaa wima au amesimama, na kisha kutolala kwa muda usiopungua nusu saa, ingawa saa moja ni bora zaidi. Anayekula daku na kurudi kitandani mara moja, anayekumbuka dawa taa ikiwa imekwisha kuzimwa, na mgonjwa dhaifu anayemezeshwa akiwa amelala chali, wote wako katika hatari ya aina moja. Dozi ya pili imezwe pamoja na chakula cha jioni, mapema, wala isiachwe iwe jambo la mwisho kabla ya usingizi. Ni vigumu kuona kwa nini maneno machache kama "maji bilauri moja, usilale" yasiandikwe kwenye kila bahasha ya dawa hii, kwani wino unaohitajika hauna gharama ya kutajwa.

Chakula chenyewe hakikatazwi, na kwa wengi ni msaada, kwa kuwa doksisaiklini huchafua tumbo na kuleta kichefuchefu inapomezwa wakati tumbo ni tupu. Suala la maziwa limekuzwa kupita kiasi. Molekuli za ukoo wa tetrasaiklini hushikamana na madini kama kalsiamu, magnesiamu, aluminiamu, zinki na chuma, zikafanya mchanganyiko ambao utumbo hauwezi kuufyonza, na kwa tetrasaiklini ya kale bilauri ya maziwa, yenye kalsiamu nyingi, iliweza kupoteza nusu ya dawa. Kwa doksisaiklini hasara hiyo ni ndogo zaidi, takriban moja ya tano, hivyo mgonjwa ambaye hana budi kunywa chai ya maziwa ili dawa isimchafue tumbo hajaharibu tiba, ijapokuwa ni vyema kidonge chenyewe kimezwe kwa maji na maziwa au mtindi vikasogezwa mbele kwa saa mbili hivi.

Tatizo la kweli limo katika vidonge vingine. Dawa za kutuliza kiungulia zenye aluminiamu au magnesiamu, ambazo hununuliwa dukani bila cheti cha daktari na kutafunwa pengine na mgonjwa yule yule ambaye doksisaiklini imemchafua tumbo, huishika dawa hiyo kwa nguvu na kuitoa nje pamoja na kinyesi, hivyo zinapaswa kutenganishwa nayo kwa muda wa saa mbili hadi tatu, na vivyo hivyo vidonge vya zinki na vya kalsiamu. Vidonge vya kuongeza damu, ambavyo kiini chake ni madini ya chuma, ni vigumu zaidi kuviepuka, kwa sababu sehemu ya doksisaiklini iliyokwisha kuingia katika damu hurudi utumboni kupitia nyongo kabla ya kufyonzwa tena, na chuma kikiwa bado kimo humo huinasa njiani. Kwa sababu hiyo kutenganisha saa hupunguza hasara bila kuimaliza, na mtabibu huweza kuamua kusimamisha vidonge vya chuma kwa siku chache za tiba, jambo ambalo hawezi kulifanya kama hakuambiwa kwamba vinatumika.

Zipo pia dawa zinazoharakisha uvunjaji wa doksisaiklini katika ini, zikiwamo rifampisini ya kutibu kifua kikuu, na fenitoini, kabamazepini na fenobabitoni za kifafa, na unywaji wa pombe wa kila siku kwa miaka mingi hufanya kazi iyo hiyo. Doksisaiklini yenyewe kwa upande wake huweza kuongeza nguvu ya wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, na ikitumiwa pamoja na dawa za chunusi za jamii ya vitamini A huongeza uwezekano wa shinikizo kupanda ndani ya fuvu la kichwa. Kuhusu vidonge vya uzazi wa mpango, dhana iliyoenea kwamba kila antibiotiki huvivunja nguvu haikuthibitika kwa doksisaiklini, isipokuwa mwanamke anayetapika au kuharisha sana huenda asivifyonze vizuri, na hapo kinga ya ziada inahitajika.

Baada ya tumbo hufuata jua. Doksisaiklini hufika hadi kwenye ngozi, na humo hupokea nguvu ya miale ya jua na kuigeuza kuwa madhara kwa seli zilizo jirani, hivyo mtu anaweza kubabuka usoni, shingoni na kwenye migongo ya mikono kwa jua ambalo siku nyingine lisingemfanya lolote, na mara chache hata kucha zikaachana na nyama yake. Ngozi nyeusi hupunguza hatari hiyo bila kuiondoa. Wavuvi, wakulima wa mwani wa Zanzibar ambao mwanga huwapata mara mbili, kutoka juu na kutoka kwenye maji, na waendesha bodaboda wanahitaji mikono mirefu, kofia pana na kivuli cha adhuhuri kwa siku zote za tiba. Kwa mtu mwenye ualbino, ambaye jua ni hatari kwake hata bila dawa yoyote, inafaa mtabibu aulizwe kama ipo antibiotiki nyingine inayotibu ugonjwa ule ule.

Kwa wajawazito na watoto wadogo kanuni ya zamani ni kwamba dawa hii isitolewe baada ya nusu ya kwanza ya ujauzito wala kwa mtoto wa chini ya miaka minane, kwa kuwa tetrasaiklini hushikamana na kalsiamu ya meno na mifupa inayojengwa, na meno yanayoota baadaye huwa na madoa ya manjano au kahawia yasiyotoka. Kanuni hiyo ilitokana na tetrasaiklini ya kale, na kwa doksisaiklini, ambayo hushika kalsiamu kwa ulegevu zaidi, wataalamu wamekuwa wakiilegeza pale ambapo matumizi ni ya muda mfupi na ugonjwa ni wa hatari. Mfano ulio karibu ni kipindupindu, ambapo mwongozo wa kimataifa huruhusu dozi moja tu kwa watu wa rika zote, wakiwamo watoto na wajawazito. Ruhusa hiyo ni ya mtabibu aliyepima hatari mbili na kuchagua iliyo ndogo, wala haimpi mama mjamzito idhini ya kumeza vidonge vilivyobaki kabatini.

Mfano huo wa kipindupindu huonyesha jambo jingine ambalo wito wa kumaliza dozi hulificha: urefu wa dozi ni mali ya ugonjwa, hautokani na kidonge. Mtu mzima mwenye kipindupindu humeza miligramu 300 mara moja, na hata hivyo tiba yake kuu inabaki kuwa maji yenye chumvi na sukari, kwani antibiotiki hufupisha tu muda wa kuharisha. Mwenye klamidia, ambao ni ugonjwa wa zinaa, humeza miligramu 100 mara mbili kwa siku kwa siku 7. Mfugaji aliyeambukizwa brusela, bakteria anayefanya mifugo kutupa mimba na kumfikia binadamu kupitia maziwa mabichi au kwa kuzalisha wanyama, huimeza kwa wiki 6, tena pamoja na dawa ya pili, kwa sababu bakteria huyo hujificha ndani ya seli za mwili na kurudi kwa urahisi kama tiba imekatwa. Katika matende, walengwa ni bakteria wanaoishi ndani ya minyoo inayosababisha ugonjwa huo, ambao bila wao minyoo haizai na hatimaye hufa; jaribio lililofanywa kwa wanakijiji wilayani Pangani, mkoani Tanga, na kuchapishwa mwaka 2005 katika jarida la kitabibu The Lancet, lilitumia doksisaiklini kwa wiki 8, na baadaye muda uliozoeleka ukawa wiki 4 hadi 6.

Mtu anayempa jirani nusu ya vidonge vyake kwa kuwa "ni vile vile" huwa amempa dawa bila muda wake, na yeye mwenyewe amejipunguzia wa kwake. Ni kweli kwamba mwaka 2017 baadhi ya watafiti wa Uingereza walihoji hadharani kama kila dozi ya antibiotiki inahitaji kuwa ndefu kama ilivyozoeleka, na kwa maradhi kadhaa tafiti zimeonyesha kwamba siku chache hutosha. Mjadala huo ni wa haki, ila uliwahusu waandikao muda kwenye cheti, na hauwezi kumsaidia mgonjwa wa brusela aliyepata nafuu katika wiki ya pili kujua kama bakteria wamekwisha, kwa sababu homa iliyoshuka si kipimo cha bakteria waliobaki ndani ya seli. Anayejisikia amepona mapema arudi aulize. Sababu mojawapo ya tahadhari hiyo ni usugu wa dawa, yaani hali ya bakteria kutodhurika tena na dawa iliyokuwa ikiwazuia, ambayo kwa makadirio yaliyochapishwa mwaka 2022 ilisababisha moja kwa moja vifo vya watu takriban milioni 1.27 duniani katika mwaka 2019 pekee.

Siku ya kwanza ya tiba huweza kumtia mgonjwa hofu isiyostahili. Katika homa ya papasi, ugonjwa unaoambukizwa na papasi wanaojificha katika sakafu na kuta za nyumba za udongo, dozi ya kwanza huvunja bakteria wengi kwa pamoja, na mabaki yao yakiingia katika damu huleta ndani ya saa chache mtetemeko na homa kali kuliko ile iliyompeleka mtu hospitali. Hali hiyo inahitaji uangalizi wa wauguzi, nayo hupita. Asiyeifahamu husema kwamba dawa imemkataa, akaiacha. Mzio wa kweli hutambulika kwa dalili nyingine: vipele vinavyowasha mwili mzima, midomo au uso kuvimba, na pumzi kubana, na kwa hayo dawa husimamishwa papo hapo na mgonjwa hukimbizwa kituo cha afya. Vivyo hivyo maumivu makali ya kichwa yanayoambatana na kuona ukungu, kuharisha damu hata wiki kadhaa baada ya tiba kwisha, na maumivu mapya ya kifua wakati wa kumeza havisubiri siku ya miadi. Muwasho wa fangasi ukeni au utando mweupe mdomoni hutokana na kuuawa kwa bakteria wema waliokuwa wakiwadhibiti fangasi hao, nao hutibika bila wasiwasi.

Mahali dawa inapohifadhiwa napo pana uzito wake: mwaka 1963 madaktari wa Marekani waliripoti wagonjwa ambao figo zao zilidhurika baada ya kumeza tetrasaiklini iliyooza, yaani iliyobadilika kikemia kwa muda mrefu, joto na unyevu, ikazaa kemikali yenye sumu. Vidonge vya siku hizi vimetengenezwa kwa namna inayopunguza mabadiliko hayo, lakini chumba cha bati chenye joto la mwambao, dirisha linalopigwa na jua na rafu iliyo juu ya jiko bado si mahali pa kuwekea dawa za ukoo huu, na kidonge kilichopita tarehe yake au ambacho unga wake umegeuka kahawia hakimezwi hata kama mtu hana kingine. Vidonge vinavyobaki kwa sababu mtabibu amebadilisha tiba hupaswa kurudishwa zahanati au duka la dawa ili viteketezwe, badala ya kutupwa chooni au mtoni, ambako bakteria wa kwenye matope hukutana na dawa kwa kiasi kidogo kisichowaua na kujifunza kuishi nayo.